Ulicheka Ukurasa Gani

Jiji la Meksiko, 9 Novemba 1970

Kwa Mama yangu wa ubatizo, Hermelinda,

Shikamoo Mama. Natumaini magoti yamepatana na baridi ya mwezi huu, na kwamba lile jicho la kushoto halijazidi. Mimi sijambo, isipokuwa tumbo, ambalo unalijua tangu nikiwa shule: likisikia kengele linajikunja. Ahsante kwa kumwandalia marehemu mama yangu meza ya wafu mwaka huu pia. Nilifurahi kusikia umemwekea na sigara zake, ingawa daktari alimkataza.

Sasa, kazi. Unakumbuka niliajiriwa kwa muda katika ile ofisi inayosoma vitabu na magazeti kabla hayajauzwa. Napiga mstari mwekundu chini ya kila neno chafu, naandika maoni, kisha mkuu wangu Wakili Cipriano Olvera anatia sahihi, na kitabu kinapita au hakipiti. Mpaka sasa nilikuwa napewa vitabu vya mapishi na maisha ya watakatifu. Nimepiga mistari michache sana, na mmoja nilikuja kuufuta kwa sababu neno lenyewe lilikuwa jina la samaki.

Juzi Wakili akaniwekea mezani riwaya ya Gumaro Tejeda. Ni yule aliyeandika habari za vijana wa nywele ndefu na magitaa ya umeme, kile kitabu kilichokusanywa madukani kikasagwa. Hiki kipya kimetoka kwa mpiga chapa, kurasa zote zina namba, na ni kinene kuliko misale.

"Hiki hakipiti, Filemón," Wakili akaniambia. "Wewe kazi yako ni kuniandikia kwa nini hakipiti. Nikipata maoni mazuri kufikia mwisho wa Januari, ajira yako inakuwa ya kudumu."

Nikasema ndiyo, Bwana Wakili. Ningesema nini?

Tatizo ni kwamba nimecheka, Mama. Ofisini, saa za kazi, Wakili akiwa mlango wa pili. Nilikigeuza kicheko kikawa kikohozi, na Bi Eduviges, karani wa mashine ya kuandikia, akaniletea dawa ya kifua. Nimeinywa yote asije akashuku.

Tafadhali ichome barua hii ukishasomewa. Mambo ya ofisi yetu ni siri, na sijui ni nani anayekusomea siku hizi.

Mwanao,
F.


Cuautla, 17 Novemba 1970

Mwanangu Filemón,

Marahaba. Magoti ni yale yale, jicho la kushoto limekwenda na la kulia linafunga mizigo. Herufi sizioni tena, naona sisimizi. Wewe kula supu, acha kahawa, hilo tumbo ni la baba yako na yeye alikuwa hivyo hivyo.

Usishangae kuona barua ya mashine. Binti wa jirani aliyekuwa ananiandikia ameolewa, kwa hiyo sasa nasema mimi na anachapa mpangaji wangu wa chumba cha juu ya paa. Nimemwapisha mbele ya Bikira kwamba atachapa kila ninachosema, bila kupunguza wala kuongeza. (Kupunguza, sipunguzi. Kuongeza, sikusikia vizuri. Mchapaji.)

Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, nywele hadi mabegani kama Maria Magdalena. Anapiga santuri za makelele mpaka kuku wangu wamekataa kutaga, na anaandika amesimama, mashine juu ya pipa la maji, amevaa chupi. (Kaptura.) Chupi. Jina lake Gumaro Tejeda.

Ndiyo, huyo huyo. Ameacha kuchapa, ananikodolea macho. Anasema nisikuambie, utapatwa na presha. Mimi nasema mtoto niliyemshika kwenye maji ya ubatizo simfichi kitu. Chapa, Gumaro. Ameanza tena.

Barua yako ndiye aliyenisomea. Mimi sikujua imesema nini kabla hajaisoma, na yeye hakujua kabla hajaitamka, kwa hiyo hakuna mwenye kosa hapa ila posta. Alipofika pale pa "hiki hakipiti" aliishusha karatasi, nikamwambia endelea, akaendelea kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya misiba.

Kuchoma sichomi. Karatasi yako ni nzito na safi, nimeitandika kwenye kizimba cha kasuku.

Sasa nieleze, hayo maneno machafu ni yapi? Mimi ni mtu mzima, nimezika waume wawili.

Mama yako wa ubatizo,
Hermelinda

(Kijana, swali moja la kikazi. Ulicheka ukurasa gani?)


Jiji la Meksiko, 25 Novemba 1970

Mama,

Shikamoo. Nakuombea macho na magoti. Yangu usiulize.

Barua yako niliisomea chooni, maana ndiyo chumba pekee ofisini chenye kitasa. Nilipofika kwenye jina la mpangaji wako nilikaa chini, na pale hapakuwa mahali pazuri pa kukaa. Mama, nimemwambia mwandishi siri ya ofisi kuhusu kitabu chake mwenyewe. Watu wamefukuzwa kwa kusahau kufunika wino. Nakusihi umtoe kasuku juu ya barua yangu.

Swali la mchapaji siwezi kulijibu. Jibu lingekuwa ushahidi.

Lakini kuna jambo baya zaidi. Nimefika sura ya sita. Kitabu kinamhusu kijana anayeishi juu ya paa, akaambiwa amzike mjomba wake, naye kila akianza safari ya kwenda kumzika anakutana na watu wenye magitaa. Mwenye nyumba yake anaitwa Bi Tencha, na maneno yote machafu ya kitabu, karibu yote, yanatoka kwa Bi Tencha. Yale anayoambiwa muuza gesi anapoleta mtungi usiojaa. Yale yanayohusu makalio ya padri. Na yale marefu, yanayochukua mistari kumi bila nukta, siku kuku alipoingia kanisani mbele ya askofu.

Mama, maneno hayo sikuyasoma. Niliyasikia. Niliyasikia jikoni kwako nikiwa na miaka saba, wewe ukiwa umeungua kidole. Kalamu nyekundu ilinianguka. Nimeketi hapa nalipwa na serikali kupiga mstari chini ya mama yangu wa ubatizo.

Jana Wakili alipita, akasoma ukurasa mmoja juu ya bega langu, akasema, "Wanawake wa namna hii wapo kweli, Filemón, au mtu huyu amezua?"

Nikasema, "Sijui, Bwana Wakili."

Kama Petro aliyemkana Bwana wake, sikusikia jogoo akiwika, lakini nilimsubiri hadi saa ya kutoka.

Ichome hii, tafadhali. Hii hasa.

Mwanao,
F.


Cuautla, 6 Desemba 1970

Mwanangu,

Marahaba, na tulia. Ukiendelea hivi utazeeka kabla yangu, na mimi nina miaka sabini na moja.

Nimemwambia Gumaro anisomee kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, mimi nikiwa naparua miiba ya mpungate wa mboga. Imetuchukua wiki nzima. Bi Tencha ni mimi, sikatai, ila pale anapomtukana fundi viatu si mimi, mimi fundi viatu simtukani, ana watoto tisa. Nimemwonyesha anavyopaswa kutukanwa muuza maziwa badala yake. Akasema, "Bibi Hermelinda, hebu rudia polepole." Nikarudia polepole. Amekwenda kuyabadilisha kwa mpiga chapa. (Ni aya bora kuliko zote. Naona haya kulipwa kwa ajili yake.)

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo sababu ya barua. Huyu mtu kitabu chake cha kwanza kilikusanywa madukani kikasagwa, na karatasi ile ilitengenezwa trei za mayai. Alikwenda sokoni, akanunua mayai, akakuta nusu ya neno lake chini ya yai. Mwaka juzi polisi walimkamata kituo cha basi wakamnyoa kama kondoo, kwa sababu ya nywele tu. Hiki cha sasa amekiandika miaka mitano. (Mwambie akipige marufuku tu. Kitabu kilichopigwa marufuku kinatafutwa. Mimi sijali.) Muongo. Tangu barua yako ya kwanza hali chakula. Jana nimempa maharage, ameyatazama kama ndugu waliokosana naye. Amekataa kuchapa sentensi hiyo. Nimesimama nyuma yake na mwiko. Amechapa.

Wakikisaga na hiki, Filemón, hataandika tena. Hasemi, lakini mimi namsikia hapo juu. Zamani mashine ilikuwa inagonga kama mvua ya mawe. Sasa kimya, na ninalala vibaya kwa kimya hicho kuliko nilivyolala kwa santuri.

Kwa hiyo nimefikiri. Sikukuu ya Mamajusi, tarehe sita Januari, nitatuma mkate wa duara ofisini kwenu, kwa basi, umebebwa na mpwa wangu. Ndani nitamficha mtoto wangu wa kauri, sanamu ndogo kama kidole, si hizi za plastiki za siku hizi. Atakayempata kwenye kipande chake sheria anaijua: ndiye anayemwinua Mtoto Yesu wangu, ile sanamu kubwa, horini tarehe mbili Februari, anamvisha, anampeleka kanisani, na tamale za watu wote, ule unga wa mahindi wa kufungwa na kupikwa kwa mvuke, ni juu yake. Na anayemlaza horini mkesha wa Krismasi mwaka huu ni Gumaro. Sasa niambie, aliyemlaza Mtoto na aliyemwinua wanakuwa nini? Wanakuwa makompadre, ndugu mbele ya Mungu. Na ni nani umewahi kumwona akimtia kompadre wake kwenye trei za mayai?

Mkate ukate wewe. Mtoto yupo chini ya tini iliyokauka. Kipande cha tini mpe mkubwa wako.

Mama yako wa ubatizo,
Hermelinda

(Mimi nimepinga mpango huu. Ningependa ijulikane. Na bado sijaambiwa ukurasa.)


Jiji la Meksiko, 9 Januari 1971

Mama yangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Naomba usimame mahali penye kiti kabla hujasomewa hii.

Mkate ulifika salama. Nilisema kwamba ni zawadi ya mama yangu, na Wakili akasema ni jambo la adabu sana. Nilikata mwenyewe. Nilikishika kisu kwa woga hata Bi Eduviges akauliza kama kina umeme. Kipande cha tini nilimpa Wakili pamoja na chokoleti ya moto, nikarudi mezani pangu nikajifanya nafuta kalamu.

Aliuma mara ya kwanza, hakuna kitu. Aliuma mara ya pili akaacha kutafuna. Nilimwona, Mama. Ulimi ulizunguka shavuni, ukakikuta kitu, ukakipima. Mguu mdogo mweupe ulichungulia kwenye kona ya mdomo. Kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, akafikiria tamale za ofisi nzima, maana niliyaona mawazo yenyewe yakipita usoni, na akameza. Chokoleti ilisaidia.

Mkate ukaisha. Kila mtu akatafuta kwenye makombo. Bi Eduviges akasema, "Basi yuko wapi?"

"Mwokaji amesahau," Wakili akasema, na sauti ilitoka nyembamba. "Siku hizi hakuna kazi inayofanywa vizuri."

Nilidhani mpango umekufa. Lakini jana aliingia ofisini ameshika ubavu, uso kama mshumaa. Akaitwa daktari wa ofisi, Dakta Zepeda, mtu mpole anayekwenda misa kila siku. Daktari akampeleka kupiga picha ya eksirei, na leo asubuhi amerudi nayo. Bila kufikiri kwamba sisi tupo, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili aione vizuri.

Alikuwa pale, Mama. Katikati ya tumbo la Wakili Cipriano Olvera, mweupe, amenyoosha mikono yote miwili kama anayeomba abebwe.

Dakta Zepeda alivua kofia. Bi Eduviges alipiga ishara ya msalaba. Kisha daktari akasema, kwa upole sana, "Hongera, Bwana Wakili. Umekuwa baba wa ubatizo."

Mimi nilikohoa. Nimeletewa dawa tena.

Daktari anasema mtoto atatoka kwa njia yake mwenyewe, bila kisu. Wakili ameingia chumbani kwake amefunga mlango. Naogopa, lakini mara hii sijui hasa naogopa nini.

Mwanao,
F.


Cuautla, 17 Januari 1971

Mwanangu,

Marahaba. Leo hata magoti yanacheka.

Gumaro amenisomea barua yako mara tatu. Mara ya kwanza hakumaliza, aliketi kwenye ngazi akaweka kichwa magotini. Mara ya pili tulimwita muuza maziwa asikilize, yule yule. (Nimeandika miaka kumi na sita na sijawahi kubuni kitu kama hiki. Nimeudhika kidogo.) Halafu alikula. Maharage, wali, na kile nilichomwekea kasuku.

Nimeuliza kwa padri kama aliyemeza ni sawa na aliyepata. Padri amesema aliyemeza amepata zaidi.

Kwa hiyo nimempelekea mkubwa wako mwaliko rasmi, wa mashine, wenye heshima zote. Nimesema: Mtoto amelazwa na Bwana Gumaro Tejeda, atainuliwa na wewe, karibu Cuautla na familia yako. Nimeandika jina wazi. Mimi sifanyi mambo gizani.

Maoni yako bado hujayatoa, sivyo? Usiyatoe.

Mama yako,
Hermelinda

(Ukurasa?)


Jiji la Meksiko, 29 Januari 1971

Mama,

Shikamoo. Nimekonda, lakini nipo.

Laiti usingeandika jina. Wakili aliusoma mwaliko wako amesimama, akaniita, akafunga mlango nyuma yangu.

"Filemón," akasema, "tarehe mbili nitakwenda. Mke wangu ameshaona ile picha, na hakuna mtu anayemkataa Mtoto Yesu. Lakini tarehe mbili ni Jumanne. Hadi Jumatatu jioni huyo Tejeda si chochote kwangu. Maoni yawe mezani Jumatatu asubuhi, nitie sahihi, kitabu kiende kinu cha karatasi mchana, na Jumanne niende kula tamale na moyo mweupe."

Nikasema ndiyo, Bwana Wakili. Nilirudi mezani pangu. Nilimfikiria mpangaji wako na yai lake. Nilifikiria pia ajira ya kudumu, sitakudanganya, niliifikiria sana. Kisha nikafanya kitu pekee ninachokiweza, Mama, nikawa makini.

Kanuni yetu inasema maoni yataje kila neno chafu na maana yake. Sijawahi kuona mtu akiifuata, lakini ipo. Nikamkabidhi Bi Eduviges neno la kwanza achape. Akalisoma, akaweka miwani chini.

"Hili sichapi mpaka Wakili aniandikie kwa mkono wake kwamba nilichape."

Nikampelekea Wakili. "Bi Eduviges anaomba uliandike kwa mkono wako, Bwana, pamoja na maana."

Akashika kalamu. Akaiweka. "Maana yake nini?"

"Kwenye kamusi ya ofisi halimo, Bwana. Nimetazama. Nimewaandikia wakubwa wa kamusi kuuliza."

"Wewe hulijui?"

"Najua matumizi tu."

"Umeyajulia wapi, kijana wa shule kama wewe?"

Hapo, Mama, ndipo ningeweza kusema mtaani, au jeshini, ingawa jeshini walinikataa kwa ajili ya tumbo. Badala yake nikasikia sauti yangu. "Uliniuliza kama wanawake wa namna hiyo wapo, Bwana Wakili. Wapo. Huyo ndiye aliyenilea. Ndiye aliyewatumia mkate."

Akanitazama. Akatazama tumbo lake. "Na mtu kama huyo," akauliza polepole, "anaweza kutunza siri?"

"Hapana, Bwana. Anasema kila kitu, na mchapaji wake anachapa kila kitu."

Neno la kwanza bado hatujalimaliza. Yapo mengine zaidi ya mia mbili, na nitayauliza yote, moja moja, kwa adabu. Jumatatu itafika tukiwa kwenye muuza gesi. Sijui nitakuwa na kazi Jumatano. 

Mwanao,
Filemón


Cuautla, 4 Februari 1971

Mwanangu mpenzi,

Marahaba mara nyingi. Nilikutafuta kwenye basi, nikaambiwa wamekuacha ulinde ofisi. Basi nikusimulie.

Wakili alikuja na mkewe, suti nyeusi, sanduku la tamale magotini. Za mchuzi wa kuku, za pilipili, na za zabibu kwa ajili ya watoto. Zilikuwa nzuri, lazima nikiri, ingawa unga ulitaka mafuta zaidi, na nikamwambia. Mtoto Yesu, Wakili alimvisha joho la jaji. Gumaro alitaka ashike gita. Wakabishana pale mlangoni kabla hata hawajasalimiana, kisha mke wa Wakili akasema Mtoto atavaa joho na kushika gita, na yakaisha.

Kanisani ilibidi wamshike wote wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni. Gumaro alikuwa amechana nywele. (Sikuchana. Zilinichana.) Padri akawaunganisha mikono. Wakili akasema, kama anayeng'olewa jino, "Kompadre."

"Kompadre," Gumaro akasema. "Nimeona picha yako. Umetoka vizuri."

Nilifikiri watapigana. Mkewe Wakili ndiye aliyecheka kwanza.

Tulipofika nyumbani nikaanza kugawa uji wa mahindi, na wewe unajua mpini wa ile sufuria. Ukanitoka. Uji wote mguuni, wa moto. Basi nilisema. Sikuchagua, Filemón, nilisema yote, sura ya sita na ya saba na mengine ambayo Gumaro alikuwa bado hajayasikia, maana nilimwona anatafuta kalamu. Nilipomaliza nikageuka. Wakili amesimama na kikombe. Akasema taratibu, "Kumbe maana yake ni hiyo."

Akaniletea kiti mwenyewe, akanipaka siagi mguuni, mtu wa suti. Mguu unaendelea vizuri.

Alipokuwa anaondoka alimwambia Gumaro, "Kompadre, maoni hayajafika mezani kwangu. Kuna kijana ofisini ambaye ni mwangalifu kupita kiasi." Halafu akatoa mfukoni kitambaa, ndani yake mtoto wangu wa kauri, ameoshwa na kuchemshwa. Nimemrudisha kabatini. Wageni nawaambia amesafiri.

Mama yako,
Hermelinda

(Filemón. Sina utani leo. Mimi ndiye niliyemsomea mama yako ulichokifanya kwa kuuliza maswali. Sijui kitabu kitakuwaje, na hilo nimeshalikubali. Lakini nimeandika miaka mingi juu ya paa, na watu niliosikia wakinisoma ni wa aina mbili: polisi, na vijana wanaojifanya wamesoma. Wewe ulicheka peke yako, ukiogopa, ukiwa hutakiwi. Ndiyo maana nauliza ukurasa. Gumaro.)


Jiji la Meksiko, 16 Februari 1971

Mama yangu wa ubatizo,

Shikamoo. Usichubue malengelenge ya mguu, tafadhali, paka tu siagi. Tumbo langu leo limetulia, nami nalitilia shaka.

Kitabu kimepita.

Maoni ameyaandika Wakili mwenyewe, bila neno chafu hata moja kutajwa, na mpangaji wako inabidi asomewe akiwa ameketi. Yanasema: "Riwaya hii haiwezi kumpotosha msomaji yeyote, kwa kuwa inachosha kiasi kwamba hakuna atakayefika sura ya sita." Chini yake mhuri na sahihi. Wakili anasema ndiyo zawadi kubwa anayoweza kumpa kompadre. Najua Gumaro ataumia kuliko alivyoumia kwa mayai. Mwandalie maharage mapema.

Ajira ya kudumu nimepata, ila si pale. Nimehamishiwa chumba cha kalenda na almanaka za wakulima. Wakili amesema mtu mwangalifu kama mimi ni hatari karibu na fasihi. Huku nakagua tarehe za kupanda maharage na sikukuu za watakatifu, na mpaka sasa sijapata cha kupigia mstari, ila Mtakatifu Polikapo amewekwa mwezi usio wake.

Kuna jambo moja nililifanya kabla ya kuhama. Kwenye karatasi ya maoni, chini ya sahihi ya mkuu, pana nafasi ya msomaji wa kwanza kuandika neno lake. Huwa tunaiacha tupu, maana hakuna anayeisoma. Safari hii niliandika: "Nilicheka." Nikaweka jina langu kamili, na karatasi imekwenda kwenye kumbukumbu za serikali, ambako haitoki.

Kwa hiyo sasa naweza kumjibu mchapaji. Mwambie ni ukurasa wa themanini na saba, pale kuku anapoingia kanisani mbele ya askofu, na yule mtoto mwoga aliyemleta kama zawadi anamkimbiza chini ya madhabahu akimwomba radhi. Nilicheka kabla sijatambua kwamba mtoto yule ni mimi, uliyemsimulia mpangaji wako. Nilipotambua, siku nyingi baadaye, nilirudi mwanzo wa ukurasa nikacheka tena, kwa sauti, na sikujisumbua kukohoa.

Barua hii usiichome, na kasuku asiikalie.

Mwanao wa ubatizo,
Filemón Barragán Ríos